Punje Ndani ya Injini

Juzi jirani yetu alikuwa anapaka nguzo za ua wake mafuta machafu ya injini, ili mchwa wasizile. Hapa Kamina wengi tunafanya hivyo. Mimi nilikuwa nafua nguo, na ile harufu ilipovuka ua, harufu nzito ya moshi na chuma na udongo wa baridi, niliacha sabuni ndani ya maji, nikakaa. Nilikuwa tena mtoto wa miaka minane au tisa, nimelala katika chumba changu cha dirisha moja, nimevuta blanketi mpaka puani, nangoja Papa awashe gari.

Tulikaa katika nyumba za matofali za kambi ya reli. Papa alikuwa fundi wa vichwa vya treni kule depo, kama baba yake. Mwaka ule Mama alikuwa amekwenda kwa wazazi wake Kabondo-Dianda. Mimba ilimsumbua, na mama yake alijua kumtunza kuliko mtu mwingine. Alikwenda na treni. Kurudi ndiyo ikawa shida, maana treni haikuwa na siku. Ilipita ilipotaka kupita. Habari ilipofika kwamba amejifungua mtoto wa kiume, Papa alikuwa tayari amenunua gari. Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa, usukani upande wa kulia, limeshatembea nchi nyingine kabla ya kufika kwetu.

"Iyi njo itaenda kumuleta mama yako na mutoto," aliniambia, akipiga bati lake kwa kiganja. "Usiogope, mama."

Mimi pia aliniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

Tulibaki wawili nyumbani, mimi na yeye, na sikujua kuzungumza naye. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Shuleni mwalimu alinifanya nirudie jibu mara tatu, na darasa lilicheka kabla sijafika ya pili. Papa naye, nikimwambia kitu, aliuliza, "Nini?" Nikirudia, aliuliza tena, "Nini?" Hapo nilisema, "Hakuna kitu, Papa," nikaenda zangu. Nilifikiri anataka niseme vizuri, kama mwalimu. Mama alipokuwepo haikunisumbua, kwa sababu Mama aliyachukua maneno yangu na kumrudishia Papa kwa sauti yake kubwa, kama mtu anayepitisha sahani mezani. Sasa hakukuwa na wa kupitisha.

Jumapili moja baada ya misa Papa alifungua boneti kuongeza mafuta ya injini. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu yake, napukuchua mahindi makavu. Alifungua kifuniko kidogo juu ya injini, akaniita nione. Niliinama juu ya lile tundu. Ndani kulikuwa na giza linalong'aa. "Apa njo inakulia mafuta," alisema. "Lakini angalia. Motere ikimeza kintu ya kigeni, inakufa." Kisha akageuka kuchukua kopo la mafuta.

Ngumi yangu ilikuwa bado imeshika mahindi. Sijui niliilegeza vipi. Nilisikia tu kitu kidogo kikigonga chuma, mara moja, kisha kikanyamaza. Nilihesabu mahindi yaliyobaki mkononi kana kwamba nilijua yalikuwa mangapi mwanzoni. Papa alirudi, akamimina mafuta, akafunga kifuniko.

Kesho yake alfajiri aliwasha gari chini ya dirisha langu, na nikalisikia. Shaka-shaka-shaka. Ilikuwa sauti ya punje kavu ndani ya kopo, ile ile ambayo watoto wa kambi tulikuwa tunafanya tukicheza ngoma. Ilidumu mpaka nilipohesabu vidole vitatu, ikakoma, na injini ikaendelea na mngurumo wake wa kawaida. Nililala pale nimeganda. Punje yangu ilikuwa ndani, inatembea.

Papa alikuwa na desturi ya watu wa depo. Kichwa cha treni hakiamshwi na kukimbizwa siku hiyo hiyo. Unakiwasha, unakiacha kipate joto, ndipo unakidai kazi. Hivyo na gari lake. Aliliwasha kabla hajanawa uso, akaliacha lingurume wakati anaoga, anapiga magoti kusali, anakunywa chai. Kwenye chai mimi nilikuwa nimekaa mbele yake. Aliniangalia, akatabasamu, akanisogezea mhogo. Nikaelewa, au nilifikiri nimeelewa. Papa alikuwa mtu wa injini, na alikuwa amekaa ndani ya gari kabisa. Kama mimi nimesikia nikiwa kitandani, yeye amesikia mara kumi. Anajua. Ananingoja niseme mwenyewe.

Basi kila asubuhi ikawa hivyo. Gari linawaka, punje inatikisika, mimi nahesabu kwa vidole chini ya blanketi. Halafu chai, na lile tabasamu. Kadiri alivyokuwa mpole ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema. Na ile kelele ilikuwa inakua. Vidole vitatu vikawa vinne. Vikawa sita. Baridi ya Juni ilipoingia, ile ambayo majani ya kambi yanaamka meupe, vidole vya mikono miwili viliisha na kelele ilikuwa bado haijaisha. Niliwaza kwamba punje imezaa.

Mtoto wa Mama alipomaliza wiki tano, Papa alipata ruhusa kazini. Tungeondoka Jumamosi, mimi na yeye. Nilikuwa nimeiota siku hiyo mpaka nilikuwa najua nitavaa gauni gani. Ijumaa alasiri, kwa kuwa njia ya Kabondo-Dianda ni mbaya na watu wamelala porini siku mbili kwa tatizo dogo, alipitisha gari kwa fundi mmoja aliyeitwa Ngoie. Karakana yake ilikuwa mabati manne na mti wa kufungia mnyororo wa kunyanyulia injini. Vijana watano hivi walikuwa wamekaa juu ya matairi wakipiga domo.

Ngoie alikagua breki, akakagua magurudumu. Halafu akafungua kile kifuniko cha mafuta, akawasha tochi ya simu na kuchungulia. Mimi niliangalia miguu yangu.

"Papa Numbi, aya mafuta ni nyeusi kama makala," alisema. "Ulifanya vidanji lini?"

"Naongezaka. Kila Yenga, kisha misa, naongeza."

"Kuongeza si kubadilisha, mukubwa. Shene inakunywa uchafu." Aliinua kichwa. Shene ndiyo wanavyoita ule mnyororo wa ndani, unaozungusha sehemu ya juu ya injini ili iende sawa na ya chini. "Niambie kintu moya. Asubui, ikiwa baridi, haifanye shakashaka? Kiloko, kidogo tu, pa kuwasha?"

Papa alikuwa amemkazia macho usoni. "Apana," alisema. "Haina kelele. Inaimba."

Papa, aliyeongoza rozari kwenye jumuiya yetu, alikuwa amesema uongo mbele ya watu. Na nilijua kwa nini: alikuwa ananificha. Hakutaka fundi ajue nilichofanya. Kesho angechukua gari lile lenye punje zilizozaa, alipeleke porini, amweke Mama ndani, na yule mtoto ambaye sijamwona, yote kwa ajili ya aibu yangu.

"Papa," nilisema.

"Nini?"

"Ni minyi."

"Nini?"

Vijana walikuwa wameacha kupiga domo. Masikio yalikuwa yananiwaka. Nilivuta pumzi, na kitu kilichotoka hakikuwa sauti yangu.

"PAPA, MINYI NJO NILITIA MAINDI MU MOTERE!"

Wale vijana wakaanguka juu ya matairi kwa kicheko. "Shefu, ongeza na chumvi!" mmoja alipiga kelele. "Weka na mafuta ya mawese, tutakula!" Papa alikuwa ameduwaa. Mimi nilikuwa nalia tayari.

Ngoie hakucheka sana. Alichutama mbele yangu, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Maindi ngapi, mama?"

"Moya."

"Na unajua namna gani kama iko ndani?"

"Inaliaka. Asubui. Papa anasikiaka."

"Inalia namna gani?"

Nilimwonyesha kwa mdomo. Nikamwambia kuhusu vidole: vitatu mwanzoni, halafu vinne, halafu sita, na wiki hii mikono miwili inaisha. Nilipofika hapo uso wake ulikuwa umebadilika. Aligeuka kwa mmoja wa vijana, akamwambia afunge mdomo.

"Mukubwa," alimwambia Papa, "uyu mutoto iko nasema neno ingine. Ile si maindi. Ni shene. Imelefuka, inapiga ukuta. Mafuta ikipanda inanyamaza, njo maana minyi siwezi kusikia: weye unaniletea gari kila siku imekwisha kupata moto, imekwisha kupata adabu."

Papa alicheka kwa pua. "Shene ni shene, Ngoie. Mukanda njo unabadilishwa. Shene inakufa pamoja na motere."

"Ya treni yenu, ndiyo. Iyi iko nyembamba kama ya saa. Meno mia na mia, kila pini ikikulika kiloko, yote inakuwa mulefu. Siku moya inaruka jino. Juu inaenda yake, chini inaenda yake, bintu inagongana, motere imekwisha. Na siku ile weye uko mu pori na mama wa mutoto muchanga."

"Kesho niko mu njia. Bibi ananingojea."

"Basi leo usiiwashe tena. Tutaisukuma mpaka kwako. Kesho mbele ya jua niko pale. Ikilia, hauendi. Isipolia, nitakuomba pole, utaenda."

Walilisukuma, wale vijana, wakiimba wimbo wa mahindi walioutunga papo hapo. Papa alitembea nyuma yao. Sikuthubutu kumkaribia.

Asubuhi Ngoie alikuja amejifunga taulo shingoni kwa baridi. Nilisimama mlangoni na blanketi langu. Jua lilikuwa bado, majani yote meupe. Ngoie alifungua boneti, akakaa nyuma ya usukani, akamwambia Papa asimame pale mbele, karibu kabisa. Akawasha.

Shaka-shaka-shaka-shaka. Katika ukimya ule ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Mbwa wa jirani alinyanyuka. Nilihesabu vidole vyote kumi, nikaanza tena mkono wa kwanza, ndipo ikakoma.

Ngoie alizima. "Umesikia, mukubwa?"

Papa alikuwa ameinama juu ya injini, ameweka kiganja juu yake kama mtu anayepima homa. Alimwangalia Ngoie. Aliniangalia mimi. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa vile.

"Motere inaguruma," alisema polepole. "Ile ingine... apana."

Ngoie alishuka garini. Alisema kwa upole, lakini kwa nguvu, karibu na uso wake: "Miaka ngapi mu depo?"

"Makumi mbili na tatu."

Hapo ndipo vitu vyote vya mwaka ule vilijipanga upya kichwani mwangu, kimoja baada ya kingine. Zile "Nini?" zote. Lile tabasamu la kwenye chai, ambalo halikuwa na kitu nyuma yake, lilikuwa tabasamu la baba kwa mtoto wake. Hakuwa ananingoja. Hakuwa amesema uongo. Sauti ndogo ndogo za dunia zilikuwa zimemkimbia, ya mnyororo pamoja na yangu.

Hatukuenda Jumamosi ile. Papa alimpigia simu mjomba wangu, kule Kabondo-Dianda, ambaye ilimbidi apande juu ya kichuguu ili apate mtandao, na jibu la Mama lilirudi kupitia kwake: sawa. Neno moja tu. Papa aliniambia hilo "sawa" lina miiba. Mnyororo mpya ulitoka Lubumbashi juu ya lori, pamoja na kile kidude kinachoukaza na vile vipande ambavyo unatelezea. Ulichukua siku tisa. Mimi nilihesabu hizo siku kwa hofu kuliko nilivyohesabu vidole, kwa sababu kila jioni niliona mtoto anakua bila sisi.

Walifungua injini uani kwetu, na Papa alifanya kazi pamoja na Ngoie, maana mikono yake haikuwa na ugonjwa wowote. Kile cha kukaza kilikuwa kimenyooka mpaka mwisho, hakikuwa na mahali pengine pa kwenda. Vipande vya chini vilikuwa vimelika, na mabaki yake yalikuwa chini kwenye sinia ya mafuta kama kucha zilizokatwa. Waliuning'iniza mnyororo wa zamani kando ya mpya kwenye msumari mmoja. Wa zamani ulikuwa umezidi kwa upana wa ukucha. Papa aliushika, akaulinganisha tena, akatikisa kichwa. "Iyi kiloko tu?" aliuliza.

"Iyi kiloko tu," alisema Ngoie. "Sasa ukitaka kujua siku ya kuangalia ingine, usiulize minyi. Badilisha mafuta kwa wakati, na uliza uyu wa blanketi."

Na kwenye kona, juu, chini ya kifuniko kikubwa, Ngoie alikuta punje yangu. Ilikuwa imekaa pale muda wote, nyeusi, imevimba, imeiva kwa mafuta. Haikuwa imefanya kitu. Aliitoa kwa bisibisi akampa Papa, na Papa alijifanya anataka kuitafuna. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wote wawili pamoja tangu Mama aondoke.

Tulikwenda Jumatatu iliyofuata. Njia ilikuwa kama nilivyoambiwa, mashimo ya kuzamisha ng'ombe na mchanga unaoshika magurudumu. Papa hakuzima injini hata tuliposimama kula. Tulifika jua likishuka. Mama alikuwa amekaa nje ya nyumba ya Kaku, bibi yangu, na mtoto miguuni pake. Hakusimama.

"Ee, baba ya watoto," alisema. "Minyi nilifikiri umekwisha kuoa ingine."

Alikuwa ameinamia mtoto, midomo yake haikuonekana. Papa alisimama pale na kofia mkononi. Niliona ameanza kutabasamu lile tabasamu la kupitisha mambo. Halafu akaliacha.

"Inua kichwa, sema kwa nguvu," alisema mbele ya wote. "Masikio yangu imeenda. Depo imeikula. Njo maana gari ilitaka kufa, na minyi sikujua. Mutoto njo alinisikilizia."

Kaku aliacha kupepeta unga. Mama aliinua kichwa, akamwangalia.

"Ile minyi najua," alisema. "Tangu uyu mutoto mukubwa hajaanza masomo. Nilikuwa nangoja useme weye mwenyewe."

"Sasa juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia namna gani?" Mama alipiga kelele. "Hausikii!"

Kaku ndiye aliyecheka kwanza, mpaka unga ukamwagika. Mama akafuata, akijaribu kubaki na hasira na kushindwa. Alimnyanyua mtoto, akaniwekea mikononi. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na alinuka maziwa.

Siku mbili baadaye tulianza safari ya kurudi, asubuhi ya baridi. Gari liliwaka, na hapakuwa na kitu ila mngurumo. Mimi nilikaa mbele na Papa, Mama nyuma na mtoto na kuku wawili wa Kaku. Tulikuwa tumeacha kijiji cha mwisho nyuma sana, nyasi pande zote mbili, mtoto alipoanza kulia. Nilimgusa Papa mkono ili aniangalie.

"Analia," nilisema.

"Sana?"

"Sana."

Alisogeza gari pembeni, akageuza funguo, akalizima. Hakuiacha injini ingurume, pale katikati ya pori ambako hakuna mtu wa kutusukuma. Upepo ulisikika ndani ya nyasi, na kuku, na mtoto akinyonya. Mama akauliza gari lilitaka kufa namna gani, nami nikaanza kumweleza yote tangu mwanzo. Papa alitoka na kiazi kitamu chake, akazunguka gari, akakaa juu ya kichuguu kidogo ametuelekea, mahali ambapo aliweza kuona midomo yetu.